Nilipeleka Mbuzi Saba Ukweni

Leo nimeaibika mpaka mbuzi wakanionea huruma.

Niko Kasikeu, nimekaa nyuma ya pickup nje ya hoteli moja hapa sokoni, na sina mtu wa kuongea naye. Baba yangu mdogo ameingia ndani kunywa chai na amekaa akinipa mgongo. Dereva naye ananiangalia sana, halafu anaangalia kando na mabega yanatikisika. Nimeona heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa hapa, maana wao wataongeza chumvi. (Ingawa sioni mahali pa kuiongezea.)

Kwa wasionijua, naitwa Musembi. Nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari upande wa Ikutha. Mimi ni yule mtu ambaye mkiwa mnakula mnasema "tugawane nusu kwa nusu" na mko watatu, siwezi kumeza kabla sijawarekebisha. Najijua. Mama yangu alishaniambia nitakosa marafiki. Hakuniambia nitakosa wakwe.

Mchumba wangu ni Mwende. Naye ni mwalimu wa hesabu, lakini yeye yuko Kitui mjini. Tulikutana kwenye semina ya walimu tukabishana kama sifuri ni namba shufwa au la. Mimi nilisema sifuri si chochote, haiwezi kuwa shufwa wala witiri. Yeye akasema kwa upole, "Sifuri ukigawa kwa mbili hakuna baki, kwa hivyo ni shufwa." Alikuwa sawa. Nilimpenda hapo hapo, na ningekuwa na akili ningeanza pia kumsikiliza hapo hapo.

Leo ilikuwa siku ya ntheo. Kama wewe si Mkamba, ntheo ni mbuzi unaowapeleka kwa wazazi wa msichana ili wajue hukuja kucheza. Bila ntheo mnaweza kukaa pamoja mpaka mzeeke, na kwa hesabu ya wazee huyo bado ni msichana wa kwao. Kawaida ni mbuzi watatu.

Lakini Mwende ana baba wawili. Baba yake mzazi, Mzee Ndambuki, alikuwa akifanya kazi Mombasa miaka yote Mwende akiwa mdogo. Aliyemlea na kumsomesha ni kaka yake Ndambuki, Mzee Kilonzo, ambaye boma lake liko ng'ambo ya mto mkavu, si mbali. Ndambuki aliporudi nyumbani wakakosana na kaka yake kuhusu mpaka wa shamba. Tangu hapo hawajakaa chini ya paa moja. Wakikutana sokoni mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana shida upande mwingine.

Mwende amehangaika mwaka mzima kuwaleta pamoja, na leo ndiyo siku aliyokuwa akiitafuta. Aliongea na huyu, akaongea na yule, mpaka wote wakakubali kukaa meza moja. Jana usiku alinipigia simu. "Mbuzi sita, Musembi. Tatu za baba, tatu za baba mkubwa, zigawanywe hapo hapo kila mtu akiona. Usiongeze, usipunguze."

Nikasema sawa. Na nilimaanisha sawa, mpaka nikaanza kuandaa hotuba.

Kwa kawaida bwana harusi hafungui mdomo siku ya ntheo. Anayeongea ni msemaji wa ukoo, na msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Mzee Nzioka, mtu anayejua kuomba msichana mpaka baba wa msichana akajisikia yeye ndiye anayeomba. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa, kuinamisha kichwa na kuonekana mtu wa kutegemewa. Lakini mimi ni mwalimu. Nikaona kungekuwa na nafasi kidogo mwishoni ya neno fupi. Na hilo neno fupi likahitaji namba.

Wazo langu lilikuwa hivi. Sita ni namba ya hovyo. Inagawanyika kwa mbili, inagawanyika kwa tatu, kila mtu anaivunja anavyotaka. Mapenzi yangu na Mwende si sita. Mapenzi yetu ni saba. Saba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe! Nilipoliwaza hilo nikiwa nanyoa ndevu, nilijipigia makofi mbele ya kioo. (Ndiyo, peke yangu. Nilikuwa na povu usoni.)

Najua mnachotaka kusema. Mkamba gani hajui kuwa saba ni namba ya mkosi? Nyanya yangu alikuwa hataji saba kabisa, alisema "sita na mmoja" na kubadilisha mazungumzo. Lakini mimi ni mtu wa kisasa, Mzee Ndambuki ni mzee wa kanisa, na Biblia imejaa saba kuanzia ukurasa wa kwanza. Nikaona hapo nimejipanga.

Asubuhi tukatoka Ikutha na mbuzi sita wa baba mdogo. Tulipofika karibu na Kibwezi, baba mdogo na dereva wakashuka kunywa chai, nami nikampigia rafiki yangu mmoja anayefuga hapo. Akaniletea beberu mmoja mweupe, mnene, mwenye ndevu za heshima, nikampakia nyuma na wenzake. Baba mdogo aliporudi hakuona tofauti. Kwetu mtu hahesabu mifugo akiwanyooshea kidole. Unawaangalia tu, ukiona wametulia unajua wako sawa. Na walikuwa wametulia, isipokuwa yule beberu mweupe ambaye alianza kula kamba.

Tukafika kwa kina Mwende, hapa Kasikeu, saa sita hivi. Wamama wakatuzuia langoni kwa nyimbo, tukaimbiana, tukafunguliwa. Mbuzi wakashushwa na kufungwa chini ya mti wa mugaa. Tukakaribishwa kwenye hema. Na pale mbele, kwenye viti viwili vilivyofunikwa vitambaa vinavyofanana, walikuwa wamekaa Mzee Ndambuki na Mzee Kilonzo. Hawakuwa wakiongea, lakini walikuwa wamekaa. Mwende alikuwa ndani ya nyumba na shangazi zake, kama desturi ilivyo, na pazia la mlango lilikuwa limefunguka kidogo. Niliona jicho lake. Lilikuwa linawaangalia wale wazee wawili, na lilikuwa na machozi ya furaha. Hilo jicho ndilo linaloniuma sasa hivi.

Mambo yakaenda vizuri. Baba mdogo aliongea kama maji. Unga ukatolewa, sukari ikatolewa, mablanketi yakatolewa, vyote viwili viwili, na kila kitu kikagawanywa huku na huku. Kila mara Mzee Kilonzo alipopewa chake aliitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye blanketi nilimwona Mzee Ndambuki akiinama na kumsaidia kaka yake kukunja lake. Hema zima likageuka kuangalia. Mama mmoja alisema "Asante Yesu" polepole.

Hapo ndipo Mzee Ndambuki akasimama na kusema, "Huyu mtoto ana baba wawili. Mimi nilimzaa, huyu akamlea. Sasa twendeni kwa mbuzi tumalize."

Mambo yangeishia hapo kama ningekaa. Lakini nikainua mkono. Baba mdogo akanivuta koti. Nikasimama hivyo hivyo, koti likiwa limeshikwa.

"Wazee wangu, naomba kusema neno moja fupi."

Mzee Ndambuki akacheka. "Sema, mwalimu. Leo ni siku yako."

Nikasema. Nikawaambia kuna namba fulani ambazo wataalamu wa hesabu wanaziheshimu kuliko zote, zinaitwa prime number. (Namshukuru Mungu sikuitaja kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili inaitwa namba tasa, na mtu anayetaja utasa siku ya ntheo anafaa kurudi nyumbani kwa miguu.) Nikasema namba hiyo haikubali kugawanywa na mtu yeyote, isipokuwa na moja na yenyewe. "Moja ni Mungu," nikasema. "Na yenyewe ni mimi na Mwende."

"Amina," akasema Mzee Ndambuki. Watu wa kanisa wakaitikia. Hata Mzee Kilonzo alitabasamu. Jamani, hapo nilikuwa juu. Kama ningeketi wakati huo, mngekuwa mnasoma habari za harusi.

"Ndiyo maana," nikaendelea, "sikuleta mbuzi wa kawaida kawaida. Angalieni wenyewe." Nikatoka kwenye hema mpaka kwenye mugaa, nikanyoosha kidole, na nikaanza kuhesabu mbuzi kwa sauti ya darasani. Mmoja. Wawili. Watatu. Wamama wazee wakaanza kuangaliana. Wanne. Watano. Baba mdogo akafunika uso kwa kofia. Sita. Na yule mweupe akiwa amemaliza kamba na sasa anakula kitambaa cha meza: "Saba!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Baba mdogo akafungua uso polepole. "Umesema ngapi?"

"Saba, baba. Nimeongeza mmoja."

"Na nani alikuambia uongeze?"

Nikataka kujibu, lakini Mzee Ndambuki akaingilia kati ili kuniokoa. Ni mtu mzuri. Alisema saba haina ubaya, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, tusiwe watu wa mambo ya zamani. Halafu akageuka kwa kaka yake. "Sasa tugawane."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipogundua kwamba nimekuja mbele ya watu wawili wanaotaka kugawana, na nimewaletea namba ambayo dakika moja iliyopita nimeisifu kwa kutogawanyika.

Mtu mwingine angenyamaza aache wazee watafute njia. Mimi nikiona swali ubaoni mkono unaanza kuwasha. "Si tatizo," nikasema. "Saba gawanya kwa mbili ni tatu, baki moja."

Mzee Kilonzo akaniuliza kwa utulivu, "Na hiyo baki ni ya nani?"

Sijui ni shetani gani aliyenijibia. Nilisema, "Baki inaenda kwa baba mzazi. Nne kwa Mzee Ndambuki, tatu kwako."

Niliona uso wake ukifunga. Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliangalia blanketi lake lililokunjwa vizuri, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe kuna baba na kuna baki."

"Hapana Mzee, si hivyo."

"Ni hivyo. Wewe ni mwalimu, umepiga hesabu."

Mzee Ndambuki akasema, "Kaka, mimi sitaki hiyo ya nne. Chukua wewe."

"Mimi si mtu wa kuongezewa kwa huruma. Kaa nayo."

"Nimesema chukua."

"Na mimi nimesema kaa nayo."

Wakaanza kurushiana yule mbuzi mweupe, kila mmoja akikataa kumpokea, na kila kukataa kulikuwa na uchungu wa zamani ndani yake. Si mbuzi walikuwa wakiongelea. Ilikuwa ni shamba, na ni Mombasa, na ni miaka yote ile ambayo mmoja alikuwa mbali na mwingine alikuwa akiamka kumpeleka mtoto shule. Na mimi nimesimama katikati nikiwa na kidole bado kimenyooka.

Nikaona lazima nirekebishe haraka. Nikawaza: waone kwamba nawapenda sawa, niwaongezee sawa. "Wazee wangu," nikasema, "tusigombane. Nitaongeza wawili. Mmoja kwa huyu, mmoja kwa huyu. Wawe tisa." Na kwa sababu nilikuwa bado nataka kuiokoa hotuba yangu, nikaongeza: "Na tisa pia ni prime number."

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya Mwende, ile ile ya upole ya kwenye semina:

"Musembi, tisa ni tatu mara tatu."

Shangazi mmoja akaachia kicheko. Mwende hakuwa amemaliza.

"Na ukiongeza namba shufwa kwa namba witiri, jibu ni witiri. Bado kuna baki ya moja."

Hayo ni mambo tunayofundisha watoto wakiwa wameingia sekondari juzi. Namba witiri ni ile inayobakisha moja ukiigawa kwa mbili. Ukiiongezea mbili, ile moja bado iko pale pale inakuangalia. Nimefundisha hilo mpaka chaki imeisha, na mbele ya wakwe zangu likanitoka kichwani kama jina la mtu usiyempenda.

Kicheko cha shangazi kikafungua vya wengine. Wamama wakacheka, vijana wakacheka, mpiga picha akacheka mpaka akaweka kamera chini. Mimi ningeweza kuvumilia kuchekwa, nimezoea. Lakini Mzee Kilonzo alikuwa amesimama wakati huo huo, na akakipokea kicheko kana kwamba anachekwa yeye. Akachukua kofia. Blanketi akaliacha kitini.

"Mzee, kaa tule," akasema Mzee Ndambuki.

"Nimeshiba."

Akaondoka akipita kando ya mugaa, akapita mbuzi wote, akatoka langoni. Kicheko kikafa. Mwende akatoka ndani mbio na vazi lake jipya, bila kujali desturi yoyote, akamfuata. Alipita karibu yangu. Nilitaka aniambie kitu, hata kunitukana. Alisema tu, "Nilikuomba sita," na akaendelea.

Mzee Ndambuki aliangalia kile kiti kitupu. Kisha akatuambia chakula kiko tayari, tule, tusiende na njaa. "Lakini mbuzi siwezi kupokea nikiwa mimi peke yangu," alisema. "Warudisheni kwa gari kwanza." Hakusema kwa hasira pia. Leo hakuna mtu amenikasirikia vizuri hata mmoja.

Tulikula. Wali ulikuwa mzuri, naambiwa. Wakati wa kuwapakia mbuzi, baba mdogo alisema maneno yake ya mwisho kwangu mpaka sasa. Alisema, "Ungeacha tu wazee waongee. Tungemchinja huyo wa ziada tukamla wote, na hii maneno ingeisha."

Tungemchinja. Saba toa moja ni sita. Sita gawanya kwa mbili ni tatu. Nina digrii.

Kwa hivyo tumeshuka hapa sokoni na mbuzi wetu saba, na nimekaa nao nyuma ya gari nikijifanya nawaangalia. Nimeumia. Si kwa kuchekwa. Nimeumia kwa sababu Mwende alifanya kazi ya mwaka mzima kuwakalisha wazee wawili pamoja, na mimi nikawatenganisha kwa hotuba ya kupendeza. Nilikuwa natafuta namba ya kuonyesha mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa yameshanitajia namba yao kwa simu.

Mwende amepita hapa sasa hivi, viatu vimejaa vumbi la mtoni. Nilishuka haraka nikajigonga kichwa. Nikamwuliza kama Mzee Kilonzo amekasirika sana.

"Hana hasira na mbuzi," akasema. "Alilia kidogo, tukakaa. Baba yangu pia amefika huko. Ameenda kwa miguu, amebeba lile blanketi."

"Baba yako ameenda kwake?"

"Ndiyo. Wako nje, hawaongei. Lakini wamekaa." Karibu atabasamu, halafu akakumbuka ni mimi. "Baba mkubwa amesema uende kwake kesho baada ya kanisa. Bila mbuzi. Bila baba yako mdogo. Bila hotuba. Anataka kukuangalia tu."

"Na wewe utakuwepo?"

"Amesema uende peke yako, Musembi."

Kwa hivyo kesho naenda, mtu mmoja. Niombeeni, na tafadhali msicheke, hasa ninyi wa idara ya hesabu. Na kabla hamjaanza: moja si namba tasa. Safari hii nimeangalia kitabu kwanza.